Draiva ya kihisi cha I2C: bodi ikiamka, kina cha mto kinasomeka nusu

kingo_za_mkondoa ameuliza:

Wakuu salaam. Naomba msaada, hii ni wiki ya tatu nimekwama na masika hayako mbali.

Nina kituo cha kupima kina cha maji kwenye Mto Mkondoa, upande wa Kilosa. Mliokuwa huku mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mnaujua mto huu ulivyotufanya: ulivunja kingo, ukaingia kwenye makazi ya watu, na reli ya kati ikakatika. Shangazi yangu bado analima upande wa chini. Kituo kikiona maji yanapanda, kinatuma ujumbe kwa watu 14, yeye akiwemo. Kwa hiyo namba zinazotoka hapo lazima ziwe za kweli.

Vifaa: bodi ya STM32MP157, kerneli (kiini cha Linux) 6.1, kihisi cha shinikizo kwenye basi la I2C (nyaya mbili ambazo bodi huongea na vihisi), boya lenye swichi (limefungwa kwenye urefu wa hatari, waya wake umeingia kwenye pini ya GPIO), paneli ya wati 20 na betri ya volti 12, Ah 7. Bodi ikiwa macho inakula mA 210 kwa volti 5. Ikilala inashuka hadi mA 15. Mawingu yakikaa siku mbili, bila kuilaza bodi betri haifiki asubuhi ya tatu. Ndiyo maana naiamsha kila dakika 15 kwa rtcwake (amri ya kuweka kengele ya kuamsha bodi), inasoma, inatuma, inalala tena.

Draiva (programu ya ndani ya kerneli inayoendesha kihisi) nimeiandika mwenyewe. Kwenye probe (funksheni ya kuanzia, draiva ikipakiwa) inawasha umeme wa kihisi, inaandika rejista 4 za mpangilio (ukuzaji mara 2, kasi ya usomaji na kadhalika), halafu inaanzisha delayed_work ya kusoma kila ms 500 na kuhifadhi thamani ya mwisho. Kwenye suspend (bodi ikilala) naita regulator_disable kukata umeme wa kihisi, kwenye resume (ikiamka) naita regulator_enable kuurudisha. Hakuna zaidi ya hapo.

Yanayonitokea ni haya. Bodi ikilala na kuamka, kina kinasomeka mita 1.42 wakati ubao wa kipimo uliosimikwa mtoni unaonyesha 2.84. Nikiondoa modyuli ya draiva na kuipakia upya, kinarudi sawa. Halafu mara nyingine, kama mara moja kwa kila kulala mara kumi, namba inaganda kabisa. Juzi ilikaa palepale kutwa nzima na mto ulikuwa unashuka, nauona kwa macho. Kwenye logi nimewahi kukuta mstari huu mara moja tu:

`i2c i2c-1: Transfer while suspended`

Ukafuatiwa na orodha ndefu ya majina ya funksheni. Haujarudi tena, nikadhani limeisha lenyewe.

Nimekosea wapi, wakuu?

---

fundi_bodi_arusha amejibu:

Mkuu, pole na hongera kwa kazi hiyo.

Usiendelee kujaribu kwa usingizi kamili, utazunguka bila kuona kitu. Hakikisha kerneli yako imejengwa na CONFIG_PM_DEBUG, kisha:

```
echo devices > /sys/power/pm_test
echo 1 > /sys/power/pm_print_times
echo mem > /sys/power/state
```

Hapo kerneli inalaza vifaa, inasubiri sekunde 5, inaviamsha, bila kuzima bodi yenyewe. Ukimaliza rudisha `none` kwenye pm_test. Ongeza no_console_suspend kwenye mstari wa kuwashia kerneli ili konsoli ya siriali isinyamaze katikati.

Na tubandikie hiyo funksheni ya kusoma. Weka dev_err pale usomaji unaposhindikana, uchape na namba ya kosa. Bila namba tunapiga ramli.

---

kingo_za_mkondoa amejibu:

Asante mkuu. Nimefanya mara 10, kila mara nikipakia modyuli upya kabla ya kuanza. Ajabu ni kwamba humu namba inaganda mara ZOTE kumi, si mara moja moja kama kwenye usingizi wa kweli. Makosa: -108 mara tisa, -6 mara moja. Ule mstari wa "Transfer while suspended" umetokea kwenye jaribio la kwanza tu.

Funksheni yenyewe:

```
static void kina_soma(struct work_struct *w)
{
    struct kina *k = container_of(to_delayed_work(w),
                                  struct kina, kazi);
    int ret;

    ret = i2c_smbus_read_word_swapped(k->client, REG_KINA);
    if (ret < 0) {
        dev_err(&k->client->dev, "kosa %d\n", ret);
        return;
    }
    k->thamani = ret;
    schedule_delayed_work(&k->kazi, msecs_to_jiffies(500));
}
```

---

bi_rejista amejibu:

Ndugu yangu, umeleta kodi ya programu, umeleta na namba, sasa tunaweza kuongea.

Tuanze na nusu. 2.84 gawanya kwa 2 ni 1.42, haizidi wala haipungui. Ukuzaji wako ni mara 2. Kihisi ukikikatia umeme kinasahau kila ulichokiandikia na kurudi kwenye hali ya kiwandani, ambayo bila shaka ni ukuzaji mara 1. Wewe unaandika zile rejista 4 kwenye probe peke yake, na probe haiitwi tena bodi inapoamka. Kwa hiyo resume yako inawasha kihisi kisichojua lolote kuhusu mto wako, nacho kinasoma vizuri kabisa kwa kipimo kisicho chako. Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote, maana 1.42 ni namba inayoaminika. Ingekuwa sifuri au elfu tatu ungeshtuka siku ya kwanza.

Sasa kuganda. Kerneli inapolaza mfumo huanza kwa kugandisha programu za watumiaji, kisha hupita kwenye vifaa kwa hatua: prepare, suspend, suspend_late, suspend_noirq. Kwenye suspend, mtoto hulala kabla ya mzazi. Kihisi chako ni mtoto wa kontrola ya I2C, hivyo suspend yako inaitwa kwanza, ya kontrola baadaye. Wakati wa kuamka ni kinyume chake, mzazi anatangulia. Maana yake ni kwamba ndani ya suspend yako basi bado liko hai, na ndani ya resume yako limeshaamka. Kati ya hapo hujaahidiwa chochote.

Na wewe una kazi inayokimbia hapo katikati. schedule_delayed_work hutupa kazi kwenye foleni ya kawaida ya kerneli, na foleni hiyo haigandishwi pamoja na programu. Zinazoganda ni foleni zilizoundwa kwa WQ_FREEZABLE, au system_freezable_wq iliyo tayari. Kwa hiyo suspend yako imekata umeme, imerudi zake, na baada ya ms 200 kina_soma inaamka kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikikuta basi bado liko macho, kihisi kisicho na umeme hakiitiki: hiyo ni -6. Ikikuta kontrola nayo imeshalala: hiyo ni -108. Namba zako mbili zimekuonyesha hata saa ya ajali.

Usingizi wa kweli hupita kwenye dirisha hilo haraka, ndiyo maana unakamatwa mara moja moja. Kwenye pm_test dirisha linakaa wazi sekunde 5 na kazi yako inaamka kila nusu sekunde. Haiwezi kukosa.

Ule mstari wa onyo haukupotea kwa sababu tatizo limekwisha. I2C hulichapa onyo hilo mara moja tu kwa kila basi, hadi uwashe bodi upya. Baada ya hapo inarudisha -108 kimyakimya na kukuachia wewe useme. Draiva yako ya mwanzo haikusema. Isitoshe, tazama `return` yako ilipo: iko kabla ya kupanga usomaji unaofuata. Kosa moja tu, mnyororo mzima unakatika, thamani ya mwisho inabaki pale milele na programu yako ya juu inaisoma kama ya sasa hivi.

Nitasema hili kwa uzito kwa sababu nimelishuhudia. Miaka ya nyuma niliitwa kwenye tangi la maji la kijiji ambako skrini ilikuwa inaonyesha limejaa kwa siku mbili. Tangi lilikuwa kavu. Draiva ilikuwa imekosa kusoma mara moja, ikakaa na namba ya zamani. Mzee aliyetunza pampu ndiye aliyetukanwa na kinamama waliokuja na ndoo, naye alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba hasikii maji yakiingia. Tangu siku ile sipokei draiva yoyote inayoficha kosa la usomaji. Usomaji ukishindikana, rudisha kosa. Programu ya juu ipate -ENODATA (kosa la "hakuna data"), na wale watu 14 wapate ujumbe kwamba kituo hakioni.

Dawa. Hamisha usomaji na uandishi wote kwenye regmap (maktaba ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista) yenye kumbukumbu ya rejista, ili resume iziandike upya zile 4, kisha:

```
static int kina_suspend(struct device *dev)
{
    struct kina *k = dev_get_drvdata(dev);

    cancel_delayed_work_sync(&k->kazi);
    k->halali = false;
    regcache_cache_only(k->regmap, true);
    regcache_mark_dirty(k->regmap);
    return regulator_disable(k->vdd);
}

static int kina_resume(struct device *dev)
{
    struct kina *k = dev_get_drvdata(dev);
    int ret;

    ret = regulator_enable(k->vdd);
    if (ret)
        return ret;
    msleep(20); /* fuata waraka wa kihisi chako */
    regcache_cache_only(k->regmap, false);
    ret = regcache_sync(k->regmap);
    if (ret)
        return ret;
    schedule_delayed_work(&k->kazi, 0);
    return 0;
}

static DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS(kina_pm, kina_suspend, kina_resume);
```

Kwenye muundo wa draiva weka `.pm = pm_sleep_ptr(&kina_pm)`.

Hiyo `_sync` kwenye cancel usiiache. Haitoshi kufuta kazi iliyo kwenye foleni. Inabidi usubiri na ile ambayo tayari imeanza kusoma imalize, la sivyo unakata umeme katikati ya sentensi. Nayo inashughulikia hata kazi inayojipanga yenyewe upya kama yako. Ungeweza pia kutumia system_freezable_wq na ikafanya kazi, lakini mimi napenda nikifungua suspend nione kwa macho kila kitu nilichokiwasha kwenye probe kikizimwa kwa mkono wangu.

Tahadhari moja kuhusu regmap: rejista ya kina itaje kwenye volatile_reg (zinakotajwa rejista zinazobadilika zenyewe). Usipoitaja, regmap itaisoma mara ya kwanza tu, kisha itakupa nakala yake siku zote. Utakuwa umejenga upya ugonjwa uleule wa kuganda, safari hii kwa kodi nzuri zaidi.

---

NyayaTanga amejibu:

Bi Rejista amemaliza upande wa kihisi, shikamoo mama. Mimi naingia kwenye boya, maana naona hakuna aliyeligusa na ndilo la kuokoa watu usiku.

Mkuu, interapti ya boya (ishara inayoikatiza bodi boya likinyanyuka) inafanya nini? Kama mshughulikiaji wake (funksheni inayoijibu) anasoma I2C, una ajali nyingine inakusubiri. Bodi inapoamka, interapti zinafunguliwa mara tu baada ya hatua ya resume_noirq. Kontrola ya I2C ya bodi yako inaamka baadaye, kwenye resume. Boya likiamsha bodi, mshughulikiaji anaitwa wakati basi bado limelala. Mwachie jambo moja tu: aite pm_wakeup_event na kuweka alama kwamba boya limenyanyuka. Kusoma kutafanywa na resume.

Kwenye probe weka device_init_wakeup(dev, true) na dev_pm_set_wake_irq(dev, irq). Baada ya hapo kerneli yenyewe itaiandaa pini hiyo kuamsha bodi kila inapolala.

Halafu kuna upenyo ambao wengi hawaujui. Boya likinyanyuka sekunde ileile ambayo programu yako imeamua kulala, ukiandika `mem` moja kwa moja pm_wakeup_event haizuii usingizi. Kerneli huangalia hesabu ya matukio pale tu ulipoiomba iangalie, na unaiomba kwa kuandika wakeup_count. rtcwake -m mem haifanyi hivyo. Mimi hutumia rtcwake kuweka kengele tu:

```
rtcwake -m no -s 900
n=$(cat /sys/power/wakeup_count)
# hapa kagua boya. Likiwa juu, usiendelee
echo "$n" > /sys/power/wakeup_count && echo mem > /sys/power/state
```

Utaratibu ndio wenye maana: soma hesabu kwanza, kagua boya, kisha iandike. Tukio likiingia katikati, kuandika kunakataliwa na hulali. Likiingia baada ya kuandika, kerneli inakatisha safari ya usingizi yenyewe. Ukikagua boya kabla ya kusoma hesabu, umeufungua upenyo tena.

---

bi_rejista amejibu:

Marahaba mwanangu. Hilo la wakeup_count ni la lazima kwa kituo kama hiki. Mkuu wa Kilosa, ukimaliza, nyanyua boya kwa mkono wakati bodi inaelekea kulala. Usiridhike na kulinyanyua ikiwa imeshalala tu.

---

kingo_za_mkondoa amejibu:

Wakuu, nimerudi kutoka mtoni.

Nilikuwa nasoma I2C ndani ya mshughulikiaji wa boya, NyayaTanga ameniona kutoka Tanga. Nimetoa. Nimehamia regmap, na nimeweka ile alama ya `halali`: inakuwa kweli baada ya usomaji wa kwanza kufaulu tu, na usomaji wowote ukishindikana inazimwa. Kazi sasa inajipanga upya hata ikipata kosa. Programu ikisoma wakati alama imezimwa inapata -ENODATA.

pm_test mara 50, hakuna kosa hata moja. Kisha nikaiacha ilale usingizi wa kweli siku tatu mfululizo. Kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku, na `/sys/power/suspend_stats/success` imesoma 288. Fail ilikuwa 0. Kila asubuhi na jioni kijana wa shangazi alikuwa anashuka kusoma ubao na kuniandikia. Tofauti kubwa kuliko zote ilikuwa sentimita 2, na siku hiyo upepo ulikuwa unapiga maji kwenye ubao.

Leo asubuhi nikafanya jaribio la bi Rejista. Niliingia maji ya magotini, simu mkononi nikiangalia konsoli, nikawa nanyanyua boya bodi inapoelekea kulala. Mara tatu za mwanzo nilichelewa, bodi ikalala kisha ikaamshwa na boya, sawa. Mara ya nne nikaipata: `PM: Some devices failed to suspend, or early wake event detected`, fail ikawa 1, last_failed_errno ikaonyesha -16, na bodi haikulala. Ujumbe wa boya ukamfikia shangazi kabla sijatoka majini. Akanipigia kuuliza kama ahamishe mbuzi.

Nimemwambia leo ni jaribio. Kesho napeleka betri ya pili, na kodi nzima nitaibandika hapa jioni ili anayejenga kituo kama hiki mto mwingine aichukue.